Shaushi Rüstem Hataki Ngoma

Mume wangu Rüstem ni mwoga, na wala hakatai. Ukimkuta shambani kwetu akipogoa mitufaha, ukamuuliza aliwezaje kudumu miaka yote ile kwa makomando wa bereti za rangi ya damu ya mzee, atakujibu bila kukutazama: "Kwa woga, ndugu yangu. Wasioogopa tumewazika." Kisha ataendelea na tawi lake.

Watu hucheka wakidhani ni mzaha. Mimi niliyeolewa naye sicheki. Namwona anavyoingiza mkono ndani ya viatu vyake kabla ya kuvivaa kwenda msikitini. Mkahawani huchagua kiti cha ukutani ili mlango uwe mbele yake, na mezani hunyamaza ghafla mlango wa gari ukibamizwa huko nje. Amestaafu zamani, lakini wote bado wanamwita Shaushi Rüstem, yaani sajini, hata imamu. Mimi humwita Rüstem nikiwa na furaha naye na Shaushi nikiwa nimekasirika, kwa hiyo jina hilo la pili amelizoea sana.

Kijijini kwetu, huku milimani upande wa Isparta, kijana asiyekwenda jeshini haozwi. Siku vijana wa utumishi wa lazima wanapoondoka, ngoma na zumari hulia tangu mchana. Magari hufungwa bendera, vijana hurushwa juu na kudakwa, na kila mama humpaka mwanawe hina kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Hina hiyo kwetu ina wateja watatu: bibi harusi, kondoo wa sadaka, na askari. Maana yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka. Siku mama mkwe alipompaka Rüstem, tukiwa wachumba, mimi nilicheza mpaka kisigino kikachubuka. Ujinga wa ujana huo.

Rüstem hataki kuzisikia ngoma hizo. Sababu yake alinipa mara moja tu, akiwa anamenya viazi. Alipokuwa mkufunzi, kambini kwao alifika kijana mmoja wa pwani ya kaskazini kujaribu mchujo wa makomando. Mchujo si utumishi wa lazima. Utumishi wa lazima kila anayekwenda anaumaliza, lakini kwenye mchujo wanaingia wengi na kubaki wachache. Asiyeweza anainua mkono, anapewa chai ya moto, anarudi alikotoka, na hakuna anayemwadhibu. Kijana yule alisindikizwa na mji mzima. Theluji ilipomkamata hakuinua mkono. Rüstem alimbeba mgongoni kumshusha mlimani akidhani amelala, na njia nzima kiganja chake cha hina kilikuwa kinaning'inia mbele ya uso wa mume wangu. Walipofika chini hakuwa amelala.

Rüstem alivimenya viazi vyote akavimaliza. Toka siku hiyo nilielewa kwa nini akisikia ngoma za askari hukimbilia shambani, hata iwe mvua.

Sasa mwoga huyo ndiye vijana wetu waliyemfuata awafundishe. Yeye hakumwita mtu. Walianza wawili, wakaja wengine, na kila Jumapili nikawa naamka nakuta uani kwangu wamejipanga, wanatoa mvuke midomoni, kuku wangu wamekimbilia juu ya kuni.

"Hivyo viatu umevipata wapi?" alimuuliza mtoto wa mwokaji mikate.

"Vipya, Shaushi. Vya bei mbaya."

"Naona. Unataka kuzikwa navyo? Kiatu cha mlimani kinavaliwa kikiwa kimeshakusamehe. Nenda kavae vya zamani." Halafu akawageukia wote. "Mguu ni mke. Unamwosha, unamkausha, unamuuliza ameamkaje. Ukimdharau atakuacha njiani."

Nikatoa kichwa dirishani. "Na mke ni nani, Shaushi?"

"Mke ni jenerali," akasema, akasimama wima akanipigia saluti. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na kwa kukaa huko akakimbizwa kuuzunguka uwanja wa kijiji.

Mafunzo yake yalikuwa hayo, mbio na maneno. Mkufunzi akimtukana mama yako, sema ndiyo, afande. Mama yako hakusikia, yuko nyumbani anakaanga mayai. Usiwe wa kwanza, watakuchukia; usiwe wa mwisho, watakuona. Kilele usikitazame kwa sababu kitakuvunja moyo, tazama jiwe lile pale, na ukilifikia tafuta jiwe jingine. Kula hata kama huna njaa. Lala hata kwa dakika unayoipata ukisubiri zamu ya choo. Lakini jambo alilolirudia mpaka nami nikalishika jikoni lilikuwa la mwenza.

"Watawagawa wawili wawili. Yule uliyepewa, hata kama ananuka, hata kama kwao na kwenu hamsalimiani, ndiye mama na ndiye baba. Asubuhi unamwambia: mguu wa kushoto unaniuma, jana sikulala, naogopa. Na yeye anakwambia ya kwake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mmesikia?"

"Ndiyo, afande!"

"Na ukiona vidole huvisikii tena?"

"Tunainua mkono, afande!"

"Juu kabisa, kama mnaomba kwenda chooni." Akawatazama mmoja mmoja. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nataka nikipita majumbani kwenu nisikie kicheko."

Wote waliitikia, isipokuwa mmoja ambaye hakuwahi kuitikia wala kucheka. Huyo alikuwa Alpay, mtoto wa pekee wa mdogo wangu Şehriban. Baba yake aliangukiwa na jiwe kwenye machimbo ya marumaru mtoto akiwa bado anatambaa, na tangu hapo mtoto alikua katika nyumba mbili, ya kwao na ya kwangu. Mwepesi, mkimya, mbishi. Utumishi wa lazima alikuwa ameshaumaliza, akabaki jeshini kwa mkataba, na kila likizo alikuja uani kwangu kujinoa kwa ajili ya mchujo. Aliwaacha wenzake mbali, na kila alipowaacha, Rüstem alizidi kukunja uso.

Jumapili moja alikimbia njia yote ya kwenda malisho ya juu na kurudi. Alipovua kiatu nikaona soksi imelowa damu. Msumari ulikuwa umetokeza soli.

"Tangu wapi?" Rüstem akauliza.

"Tangu darajani, baba mkubwa."

Darajani ni mwanzo kabisa wa njia. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Vijana wengine wakamtazama kwa kumhusudu. Rüstem alimfukuza mbele yao, akamwambia asirudi mpaka ajifunze kupiga kelele. Halafu aliingia jikoni akanywa maji glasi mbili akiwa amesimama. "Güli," akaniambia, "wale wote siwaogopei. Huyu namwogopea." Mimi pia niliogopa, lakini nilimwambia aache uchuro.

Alpay alirudi, bila shaka. Na majira ya baridi yalipoanza jibu likaja kwamba amekubaliwa kuingia mchujoni. Ami yake Haydar, mwenyekiti wetu wa kijiji na mtu anayependa kila jambo liwe na spika, alifika nyumbani kwa mdogo wangu akiwa ameshaagiza wapiga ngoma.

"Shemeji, Ijumaa baada ya swala," akasema hata kabla ya kukaa. "Ngoma mbili, zumari, magari kutoka hapa mpaka njia kuu. Mtoto wa marehemu kaka yangu haondoki kama mwizi."

Rüstem alikuwa amepiga magoti anasafisha bomba la jiko la kuni, masizi mpaka kwenye kope. "Haydar," akasema, "huyu haendi utumishi wa lazima. Anakwenda mchujo. Mpigie ngoma akirudi na bereti."

"Na asiporudi nayo?"

"Atarudi na miguu yake. Hiyo nayo tutaipikia pilau."

"Shaushi, kwako kila kitu ni matanga. Vijana wanakusikiliza, unawajaza baridi."

"Ngoma ikilia sana hupasuka, bwana."

"Ikipasuka tutawamba nyingine. Ngozi zipo!" Haydar akacheka peke yake, kisha akamgeukia mdogo wangu na sauti yake ikawa laini. "Au mama mtu anataka watu waseme mwanawe anaogopa?"

Şehriban alisema atafikiria, akanivuta jikoni. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Dada, nikikubali naogopa. Nikikataa watasema. Nifanyeje?"

"Kataa."

"Ni rahisi kwako. Wewe una mabinti wawili, wote wako kwa waume zao."

"Basi kubali, mpake hina kama kondoo!" Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Alinitazama, akafungua kabati akashusha bakuli la hina. 

Ijumaa ngoma zililia. Siwezi kusema hazikupendeza. Damu ni damu, na mguu wangu ulipiga chini wenyewe. Wanaume walimrusha Alpay juu wakiimba kwamba askari mkubwa kuliko wote ni askari wetu, na kila aliporuka juu nilimwona usoni. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabiwa deni. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu juu ya hina, naye aliukunja ngumi.

Rüstem safari ile hakukimbilia shambani. Alipenya katikati ya wachezaji, akamshika shingo na kumsogezea mdomo sikioni. Mimi nilikuwa ubavuni nimebeba mfuko wa chakula cha njiani, nikasikia.

"Vidole vikifa ganzi, inua mkono. Nitakuja mwenyewe kukuchukua. Hakuna atakayekuuliza neno."

Alpay akatazama juu ya bega lake. Mama yake alikuwa anacheza huku machozi yanamtoka, ami yake anarusha skafu hewani. "Nitauinua vipi, baba mkubwa, mbele ya watu wote hawa?"

"Huko hawatakuwepo."

"Watakuwepo," akasema Alpay, akapanda gari.

Baada ya hapo tulikaa kungoja, na kungoja kwetu kulikuwa kubaya. Theluji iliyoanguka wiki zile hatukuwa tumeiona kwa miaka; ilifunika ua, ikavunja matawi ya mitufaha. Simu hawaruhusiwi. Şehriban alihamia kwenye dirisha lake. Rüstem alizima televisheni kila taarifa ya hali ya hewa ilipoanza, kisha baada ya muda akaiwasha kuona kama taarifa imekwisha. Asubuhi moja nilitoka kutafuta mayai nikamkuta amesimama nyuma ya banda, miguu mitupu ndani ya theluji, saa mkononi.

"Umerukwa na akili, Shaushi?"

"Nataka kukumbuka," akasema, "mtu ana muda gani toka kuuma mpaka kutosikia."

"Ana muda gani?"

Aliitazama tena saa. Nilimvuta mkono mpaka ndani, nikamsugua miguu kwa taulo nikilia na kumtukana, naye akaniacha nimtukane. Hofu ile ilikuwa imekaa nyumbani kwetu na kula nasi. Nilikuwa nikisikia gari lolote, kijiko kinanitoka.

Na gari likaja. Ilikuwa asubuhi, jua limewaka juu ya theluji, nami nilikuwa kwa mdogo wangu tunasukuma mikate myembamba ya kuweka akiba. Kila mtu kwetu anajua msafara huo: gari la jeshi mbele, gari la wagonjwa nyuma. Gari la wagonjwa si la askari, maana askari huwa halihitaji tena. Ni la mama yake.

Liliingia polepole kutoka njia kuu. Wanawake walitoka milangoni, na kila mwenye mtoto jeshini alisimama akishika kitu, nguzo, mlango, jirani. Nilimwona mke wa mwokaji mikate amejifunika uso kwa mtandio wake. Gari lilipompita akaufunua, akamshukuru Mungu kwa sauti, halafu akatambua alichofanya, akaona haya akaingia ndani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa naliombea gari lipinde kwa mtu mwingine, nami nawajua watu wote wa mtaa ule kwa majina.

Halikupinda. Şehriban aliliona likisimama, akaweka mti wa kusukumia chini taratibu, akaenda kufunga mlango kwa komeo, akakaa sakafuni ameuegemeza mgongo.

"Mdogo wangu..."

"Nyamaza, dada. Nikisikia, imekuwa. Nisiposikia, bado yuko mlimani."

Wakagonga. Sauti ya kijana ikasema, "Mama Şehriban? Mimi ni luteni kutoka kambini. Tafadhali fungua."

"Hakuna mama hapa! Nendeni nyumba nyingine!"

Wakagonga tena. Nikakaa kando yake, na unga ukiwa bado mikononi nikamshika. Alikuwa anatetemeka mpaka mlango ukawa unatoa sauti. Huko nje nikasikia mtu anakuja mbio kwenye theluji, anahema, na nikamjua kwa kuhema kwake.

Şehriban naye akamjua. "Shaushi, ni wewe?" akapiga kelele bila kugeuka. "Umefurahi? Jumapili zote zile! Ulimfundisha avumilie. Haya, amejifunza! Umemfundisha vizuri!"

 Nilimwonea mume wangu huruma kuliko siku yoyote ya maisha yetu. Kisha nikamsikia anamwambia luteni, "Sema hapa hapa. Kwa sauti. Yuko hai?"

"Yuko hai, Shaushi. Yuko hospitali."

Mimi nilipiga ukelele. Şehriban akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Waongo," akanong'ona. "Huwa wanaanza hivyo. Kwanza kajeruhiwa, ukishakaa chini wanakwambia lililobaki."

Na kweli huwa wanaanza hivyo. Rüstem lazima aliyasikia au aliyakisia, kwa sababu alikuja mpaka mlangoni, mdomo wake karibu na mbao. "Shemeji," akasema, "mimi nimewahi kubisha milango hii. Nimesimama hapa alipo huyu kijana, nikiwa na habari ile nyingine. Sikuweza kumtazama mtu yeyote usoni. Nilitazama kengele, nilitazama viatu. Huyu ananitazama. Fungua."

Mdogo wangu akavuta komeo.

Luteni alikuwa mtoto tu, masikio mekundu kwa baridi. Alieleza kwamba kwa mama mjane mwenye mtoto mmoja hawapeleki habari kwa simu, na gari la wagonjwa wamelileta kwa tahadhari. Tahadhari! Nilimwambia kwamba tahadhari yake ilikuwa imeshaua nusu ya mtaa. Aliomba radhi, akaeleza. Miguu ya Alpay imeungua kwa baridi, daktari anangoja kuona vidole vingapi vitapona. Aliificha ganzi hiyo kwa muda mrefu. Hakuinua mkono.

"Nani aliigundua?" akauliza Rüstem.

"Mwenza wake, Shaushi."

Haydar alikuwa ameshafika, kofia mkononi, anapumua kwa nguvu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo wamemwondoa kwenye mchujo?" Mti wa kusukumia mikate ulikuwa mkononi mwangu, na Mungu anisamehe kwa nilichokiwaza. Rüstem akaniondolea taratibu, akamwambia Haydar alete gari lake, atupeleke mjini. Haydar alitupeleka.

Kwenye korido ya hospitali, mbele ya chumba cha Alpay, alikaa kijana mwenye mabega mapana na koti lisilo lake, begi katikati ya miguu. Alisimama alipotuona. Alisema anaitwa Tacettin na anatoka upande wa Ağrı, mashariki kabisa mwa nchi, na kwamba amemsubiri mama ili asimkute mtoto peke yake.

Rüstem alimwangalia kuanzia juu mpaka kwenye viatu. "Ulijuaje?"

"Kila asubuhi nilimuuliza, akasema yuko sawa. Lakini hatua zake hazikuwa sawa, Shaushi. Tulipopumzika nikamchoma mguuni na pini, kwa kumvizia. Hakushtuka. Nikamwambia ainue mkono, akanikamata koo. Na huwezi kuinua kwa niaba ya mtu. Kila mtu na wake. Basi nikainua wangu. Wakufunzi walipokuja kunichukua nikawaonyesha miguu yake."

"Wewe ulikuwa umechoka?"

"Hapana, Shaushi. Nilikuwa naenda vizuri."

"Ukiinua, hakuna kurudi."

"Najua."

"Nani alikusindikiza kuja mchujoni?"

Tacettin akashangaa swali hilo. "Hakuna mtu. Mimi nimekulia nyumba ya yatima. Nilipanda basi."

Rüstem akageukia ukuta, akauwekea kiganja, akakaa hivyo. Mimi na mdogo wangu tukaingia.

Alpay alikuwa amelala chali, miguu miwili imefungwa bandeji mpaka vifundoni, macho kwenye dari. Aliruhusu mama yake ambusu na hakumbusu. Nilimimina supu ya tarhana, ile ya unga na mtindi uliokaushwa, kutoka kwenye chupa, mvuke ukajaa chumba, hakuitazama. Nilizitazama zile bandeji nikaogopa upya, maana ukubwa wake haukuniambia ni nini kilichomo.

"Yule bado yuko nje?" akauliza.

"Yuko," nikasema.

"Mwambieni aondoke. Nilikuwa bado naweza. Kanivua nguo mbele ya kijiji kizima. Nitarudije pale, mama? Ami atasema nini?"

 Şehriban alitoka, na nilidhani amekwenda kulia. Alirudi akimvuta Tacettin kwa mkono wa koti, na yule jitu akafuata kwa kusitasita mpaka kando ya kitanda. Rüstem alisimama mlangoni. Mdogo wangu akakishika kile kiganja kikubwa kwa mikono yake miwili, akainama, akakibusu, kisha akakiweka kwenye paji la uso wake, vile mtoto anavyomfanyia mkubwa wake asubuhi ya sikukuu.

Tacettin aliruka kama aliyeshika moto. "Mama, usifanye hivyo! Mimi ni mdogo, ni mtoto wako!"

"Nyamaza," akasema Şehriban. Hakukiachia. "Leo hapa mdogo ni mimi."

Alpay alimtazama mama yake akiwa ameinama vile. Uso uliohimili msumari na theluji ukaanza kuvunjika, kuanzia kidevuni. Alijaribu kugeukia ukuta, miguu ikamkumbusha, akaguna kwa maumivu, na guno hilo lilikuwa la kwanza kumsikia tangu akiwa mtoto. Kisha akajivuta kwa viwiko, kidogo kidogo, mpaka ukingo wa pili wa kitanda, kumwachia mwenzake nafasi ya kukaa.